Beseni la Changu

Mama yangu alikuwa mkaanga samaki pale Kigombe, na ndiye aliyewaongoza wakaanga wenzake na kuwashawishi wasinunue samaki wa baruti. Baruti ilikuwa ikivunja matumbawe na kuua hata wadogo wasiolika. Mama alikwenda nyumba kwa nyumba, akatukanwa, akarudi tena.

Asubuhi moja kaka yangu alileta beseni la changu, akasema ni wa wavu. Mama akampasua wa kwanza. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika vipande na damu imevilia tumboni. Akapasua wa pili, hali ni ile ile: alama ya baruti. Kaka akainuka kizingitini, akaondoka bila kuaga.

Nilimwomba mama tuwafukie samaki hao nyuma ya nyumba. Posa yangu ilikuwa imefika kutoka Tongoni, na nilijua maneno yangewahi huko kabla ya jua kuchwa.  Mama akajitwika beseni kwenda diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, nami nikamfuata huku nimejitanda kanga hadi puani.

Wakaanga walipokusanyika, akalitua beseni katikati yao.

"Hawa ni wa baruti," alisema. "Aliyewavua ni mwanangu wa kumzaa. Mkitaka nisiwaongoze tena, semeni."

Wanaume waliokuwa wakipanga nyavu walicheka. Mmoja akauliza kwa sauti, kama mwanawe hamsikii, sisi atatwambia nini. Nilitazama mchanga. Nilitamani ningekuwa nimezaliwa na mama mwingine.

Ndipo akasema mwanamke mmoja aliyekuwa hasemi na mama, kwa kuwa mama aliwahi kumkemea hadharani kwa samaki kama hao.

"Mume wangu naye," alisema taratibu. "Nilikuwa nakataa shauri lako kwa sababu yake."

Baada yake alisema mwingine, habari za shemeji yake. Hakuna aliyemwondoa mama. Tangu siku hiyo mvuvi wa baruti akileta samaki wake, hata mkewe hawakaangi.

Kaka alihamia Usagara, akawa fundi pikipiki, na kwa muda mrefu hakuja nyumbani hata kwa Idi. Wa Tongoni walikaa kimya, kisha wakatuma salamu kwamba kijana wao bado anajipanga. Mama aliniomba radhi kwa hilo, akilia. Nikamwambia yamekwisha, ingawa kwa siku nyingi nilikuwa nikipita njia ya mashambani, nisionekane naye diko.