Siku Niliyopima Mikono ya Wafungaji

Kiwanda chetu cha nyaya pale Kibaha kilitaka mashine ya kukunja na kufungasha rola, na mimi, msimamizi wa zamu, ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua. Zilibaki mbili. Kubwa ilivuta waya, ikapima mita mia, ikakunja, ikafunga na kuvisha nailoni bila kuguswa na mtu. Ndogo ilikunja tu. Kufunga kungebaki kwa wanawake wanne waliokuwa wakiifanya kazi yote kwa mikono tangu kiwanda kifunguliwe.

Meneja alisema kwa ufupi, "Kawapime. Wakiweza kwenda na mashine ndogo, tunachukua ndogo. Wakishindwa, kubwa." Akanikataza kuwaambia, wasije wakajikaza siku moja tu. Niliona ni sawa. Siku hizo niliona kila kitu ni sawa.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Masaki, Kisarawe. Mimi kwetu ni Kurui, Kisarawe hiyohiyo, kwa hiyo kwake nilikuwa mtoto wa nyumbani. Nilipoingia kiwandani kama kibarua, yeye ndiye aliyenifundisha kuubana waya mgumu kwa goti usifyatuke. Kila msimu wa korosho aliomba ruhusa akaenda kwao, na kila aliporudi alikuwa na kifuko changu.

Asubuhi ya kupima nilivaa shati la ofisini, nikashika karatasi na kalamu. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akawageukia wenzake.

"Mwanetu leo kaja kikazi. Jamani, tusimtie aibu."

Basi wakaniheshimu. Rola ambayo siku zote walifunga chapuchapu huku wakitaniana, siku hiyo waliifunga kimya. Fundo likikaa upande, walilifungua wakalifunga upya. Mama alipangusa kila rola kwa upindo wa khanga yake kabla ya kuivisha nailoni. Sijapata kuona rola nzuri kama zile pale kiwandani. Zilichukua karibu mara mbili ya muda wa kawaida.

Nilijua kinachotokea, nalisema hilo bila kuzunguka. Kuwaambia "fanyeni kama jana" yalikuwa maneno matatu tu. Nikaandika nilichokisoma kwenye saa ya simu, na moyoni hamkuwa na kitu, hata huruma. Nikajisemea kipimo ni kipimo, nikaenda kunywa chai.

Mashine kubwa ikaja. Siku walipopewa barua za kuachishwa, mama alinikuta mlangoni mwa stoo. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Mwanangu, siku ile tulikuaibisha?"

"Hapana, mama. Mlifunga vizuri sana."

"Mbona wanasema sisi wazito?"

Nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa napima kasi. Nilimwambia kama ninavyomwambia dereva aegeshe gari wapi. Aliikunja barua yake mpaka ikaenea kiganjani.

"Kumbe," akasema. "Na mimi ndiye niliyewaambia wenzangu waende taratibu. Nimewaponza watoto wa watu."

Ningeweza kumwambia kosa ni langu. Nilisogea pembeni apite, naye akaenda kuwaomba wenzake radhi.