Oili ya Mhandisi

Siku niliyoripoti kazini kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe, miaka michache baada ya Uhuru, nilitoka kwetu Handeni nikijua naenda kutengeneza matrekta na korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Mhandisi wa shamba, Mshambaa mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, akanipeleka moja kwa moja nyuma ya karakana. Palikuwa na ndege ya mbao na kitambaa, aliyoiunda mwenyewe. Injini aliitoa kwenye gari dogo lililopinduka Segera.

"Inaruka?" nikauliza.

"Inachemsha oili," akajibu.

Oili ikichemka huwa nyepesi kama maji. Presha inashuka, vyuma vinasagana, injini inakwama. Gari likikwama utashuka ukae kando ya barabara. Ndege haina kando ya barabara.

Akafunga rejeta ya oili, ile ya vibomba vyembamba vinavyopozwa na upepo, ndani ya boneti. Oili ikachemka. Akataka kubwa zaidi. Nikaitoa kwenye lori bovu. Ikachemka. Akataka na ya pili. Nikamwambia sasa tutarusha rejeta yenye mabawa. Hakucheka. Shamba lilipotaifishwa, Meneja mpya akataka ndege iruke mbele ya wageni wa sikukuu, na kila asubuhi alikuja kuuliza kwa nini tusiimwagie injini maji.

Mke wa Mhandisi, Mama Stella, alinisubiri langoni. Hata salamu hakutoa.

"Fundi, ikimzimikia juu ya Mto Pangani, usije kwangu na rambirambi."

Tangu hapo kila nati niliikaza mara mbili.

Mwishowe Mhandisi alibandika nyuzi za kushonea kwenye tundu la chini ya boneti, mahali pa kutokea upepo. Tukaifunga ndege kwa kamba, tukawasha. Nyuzi zilipaswa kupepea nje, zikaingia ndani. Kumbe upepo haukuwa na njia ya kutoka, nasi tunaongeza rejeta tu. Tukapanua tundu, tukapinda bati kwenye ukingo wake ili upepo wa nje uuvute wa ndani, tukaziba nyufa za pembeni kwa mpira wa tyubu.

Mhandisi akairusha mpaka Hale, akarudi. Mama Stella alisimama mwisho wa uwanja wa kurukia, kanga mdomoni. Magurudumu yalipogusa majani, akakaa chini palepale. Mhandisi akashuka, uso umekunjamana.

"Fundi, sasa oili ni ya baridi mno. Unyevu ulio ndani yake hautakauka, utaleta kutu."

Nilimkabidhi spana nikaenda kumwinua mkewe.

Baadaye nilihamishiwa Handeni, kwenye matrekta ya vijiji vya ujamaa, na huko ndiko nilikostaafu. Mabwana Shamba na Makatibu wamenigombeza, lakini hakuna aliyenichosha kama yule Mhandisi. Kesho yake baada ya safari ile ya Hale, tulifunika nusu ya rejeta kwa bati, oili ikakaa panapotakiwa. Alikuwa sahihi. Hata leo jambo hilo linaniudhi.