Chakula Hakipitishwi Mlangoni

Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu mtaani Satellite, hakuna aliyempa mwenzake chakula mlangoni. Ama utoke nje, ama yeye aingie. Shosho, mama yake baba, alisema ukimpitishia mtu sahani juu ya kizingiti, njaa yake huvuka na kubaki na wenye nyumba. Hakueleza zaidi. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi aliingizwa kwanza jikoni, atake asitake.

Siku za Jumamosi, akina mama wa kanisa letu walipikia watu waliolala kwenye veranda za maduka. Shosho alipakua githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, mimi nikabeba sahani. Kwa kawaida watu walikula uani kwa kanisa, wameketi kwenye mawe. Jumamosi moja mvua kubwa ilitukuta githeri ndiyo tu imeiva, tukahamishia sufuria ndani ya ukumbi wa kanisa.

Mama Shiro ndiye aliyeshika funguo za ukumbi. Kesho yake askofu alikuwa anakuja, na tangu asubuhi Mama Shiro alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu.

"Wapange laini huko nje," akasema. "Tutawapitishia sahani hapa kwa mlango."

"Mimi sipakui hivyo," shosho akajibu.

"Aii, mama, hayo ni mambo ya kitambo! Watu wamenyeshewa na wewe unaleta stori ya mlango?"

"Basi waingie."

"Na hii matope? Askofu atakanyaga wapi, kwa kichwa yangu?"

Wanawake walicheka. Shosho alifunika sufuria, akasimama kando yake.

Wa kwanza kwenye laini alikuwa Musa, mwanamume aliyelala mbele ya duka la dawa. Alikuwa na homa siku hizo, na kutoka nilipokuwa niliona mabega yake yakitetemeka. Sisi watoto tulidhani hana kwao. Tulisema alizaliwa palepale verandani. Mama Shiro alifunua sufuria, akapakua mwenyewe, akamnyooshea sahani.

Musa akaficha mikono nyuma.

"Shika basi, inapoa."

"Hapana, mama. Si hapo kwa mlango." Alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi. "Nyanya yangu alikuwa anakataa. Unaachia njaa mwenye amekupatia."

Mama Shiro alibaki amenyoosha mkono, na matone kutoka kwa mabati yakaanza kuingia kwenye sahani. Musa alikuwa akiitazama ile githeri. Sijawahi kuona mtu akitazama chakula namna ile bila kukigusa.

"Si uingie?" shosho akamwambia.

"Nitachafua, shosho."

Hata hivyo aliinama, akaanza kufungua kamba alizofungia viatu vyake. Vidole vilimshinda. Alijaribu tena. Mama Shiro alimtazama kwa muda, kisha akarudi nyuma na sahani yake, mlango ukabaki wazi.

"Wacha hizo viatu, Musa. Sakafu ni baridi na wewe ni mgonjwa. Ingia."

Akapaza sauti kwa waliobaki kwenye mvua: "Ingieni wote! Lakini mtu asinipangusie mikono kwa pazia!"

Waliingia. Sakafu iligeuka kuwa kama njia ya ng'ombe. Musa alikula akiwa ameketi kwenye benchi, akaongezwa, akalala hapohapo huku ameegemea ukuta, na hakuna aliyemwamsha. Mama Shiro na shosho walisugua upya hadi jioni wakimzunguka, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu sabuni.

Siku hizi najitolea na kikundi kinachogawa chakula karibu na Kenyatta Market, kutoka nyuma ya pikapu. Vijana wa Kilimani tunaofanya nao kazi hunicheka kwa sababu siwezi kumpa mtu sahani nikiwa juu. Nashuka kwanza, ndipo nampa. Nikiulizwa, nasema ni mazoea.

Sijui kama njaa huvuka mlango. Shosho alifariki bila kunithibitishia. Lakini huwa namfikiria yule mtu mwenye homa, aliyenyeshewa, ambaye hakuwa na chochote cha kutupatia, na ambaye alikataa sahani ya moto ili sisi tusije tukalala njaa. Tulienda pale tukiamini kwamba sisi ndio tuliokuwa tukimtunza.