Mti Uliomliwaza Mama

Nilipokuwa na miaka tisa nilijua kwa uhakika kwamba miti mikubwa ina wenyewe. Jambo hili sikujifunza Guangzhou, tulikokuwa tukiishi. Nililitoa Unguja kwa bibi, mzaa baba, aliyenilea mpaka nilipotimiza miaka saba. Bibi akisema mti unaoteremsha nywele hadi chini si wa kukaliwa, na zaidi si wa kuliliwa. Mwenye msiba akiulilia, wenyewe watatoka kumliwaza, na akishakubali kuliwazwa nao, basi tena, harudi kwa watu wake. Alikuwa na mfano wa jirani yake wa zamani. Dalili ya kwanza, alisema, ni kwamba yule mama aliyekuwa halali wala hali alianza kucheka. Hadithi hiyo nilipanda nayo ndege kwenda China, na hakuna aliyenipekua.

Mwaka wetu wa pili kule, mdogo wangu Nassir alifariki. Alikuwa na miezi mitano, na homa yenyewe ilikuwa ya siku tatu tu. Baba na wanaume wenzake wa Kitanzania walimwosha, wakaenda kumzika. Wanawake kwetu hawaendi kuzika, kwa hiyo mama alibaki nyumbani na mimi, na kaburi la mwanawe hakulijua liko upande gani wa mji.

Msiba wa kwetu una watu. Wanawake hujaa nyumba, wakapika, wakalia nawe, wakakulazimisha kula. Mtaani kwetu Xiaobei wanawake wa kwetu walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na mzigo wake wa kufunga na ndege ya kuwahi. Walikuja siku tatu, wakasoma Kurani, wakaaga. Nyumba yetu yenyewe ilikuwa ghala. Baba alikuwa akiwanunulia watu mikoba kwenye masoko ya Shiling, na marobota yalipangwa sebuleni mpaka yakagusa dari. Mama alilia siku chache akiwa ameegemea mikoba ya watu, kisha akaacha kulia, akaacha na kula.

Asubuhi moja, baba akiwa ofisini kwake katika jengo la Tianxiu, mama alijifunga mtandio, akanishika mkono, tukapanda kilima cha bustani iliyokuwa nyuma ya mtaa wetu. Hakusema tunakwenda wapi, na nadhani hakujua. Alitembea mpaka akachoka, akakaa chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, mizizi yake ikining'inia kutoka matawini kama nywele za mwanamke. Nikamwambia, mama, si huu. Hakunisikia. Akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa ametoa hata siku ya msiba. Watu waliokuwa wakifanya mazoezi ya viungo waliendelea na mazoezi yao. Mimi nilisimama juani, mbali na kivuli, nikasoma kila sura niliyoijua, na hazikuwa nyingi.

Tukawa tunakwenda kila asubuhi. Siku ya nne alikuja bibi mmoja wa Kichina, mama akamwita Ayi, kama wanavyoitwa kina mama kule. Kichina cha mama kilikuwa cha madukani Zhanxi: bei gani, punguza, sitaki. Ayi alipomgusa shavu lenye machozi na kuuliza kitu, mama alikunja mikono kama anayepakata mtoto, kisha akaifungua, akasema neno ambalo wauza viatu walituambia kila saizi ilipokwisha.

"Mei you." Hamna.

Ayi alikaa. Akamenya chungwa, akampa mama pande moja moja, na mama akala. Siku ile alirudi nyumbani akapika wali. Siku zilizofuata alianza kunionyesha njiani ua hili na jani lile, akinitajia yanayofanana nayo kwao Pemba. Leo mtu yeyote mzima angeona kwamba mama yangu alikuwa anapona. Mimi niliona vingine.

Maana siku moja Ayi alikuja na kitambaa chekundu na vijiti vya udi. Alikifunga kitambaa kwenye mzizi, akawasha udi, akamwashiria mama amtajie jina la mtoto. Kisha akajaribu kulitamka. Alilikosea mara tatu, kila mara kwa namna yake, na mama akacheka. Alicheka mpaka akaegemea bega la yule bibi. Kwa mtoto wa Unguja, kitambaa chekundu na moshi chini ya mti mkubwa havina maelezo mengine: hapo mtu anakabidhiwa kwa mashetani. Na kile kicheko ndicho nilichoambiwa nikiogope.

Ijumaa bibi alipopiga simu kutoka Unguja, nilimwamkia kama kawaida, kisha nikaingia na simu chooni, nikafunga mlango.

"Bibi, mama amecheka," nilimwambia. "Chini ya mti wenye nywele. Wamefunga kitambaa chekundu."

Bibi akaniambia nimpe baba simu.

Baba hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane. Lakini alikuwa mtoto wa mama yake. Alimwambia mama kwamba kuanzia siku ile hakuna kwenda bustanini, hatakuwa na mke anayeabudu miti na Wachina. Mama aliuliza swali moja tu.

"Nikalie wapi?"

Baba akajibu kwamba nyumba ipo. Mama aliyatazama yale marobota, akaenda kulala. Tangu siku ile alikuwa akilala ameelekea ukuta. Alikonda mpaka mikufu ikamlegea shingoni. Hakumaliza miezi mitatu, baba akampeleka kwao Wete apumzike, na kule ndiko talaka ilikomkuta. Mimi nilirudishwa Unguja kwa bibi, ambaye alimweleza kila mgeni kwamba alisema mapema, mti umemchukua. Nilikuwa nikikaa pale pale nasikiliza, na nilijiona mwerevu kwa kuwa niliwahi kutoa habari. Uchungu wa hilo haujanitoka, na sitarajii utoke.

Sasa ni mimi ninayefunga mizigo Guangzhou. Bustani ile naipita, siingii. Mwaka jana nilikwenda Wete, nikamkuta mama jikoni anapepeta mchele, nikamwambia kwamba aliyesema kwa bibi nilikuwa mimi.

"Nilijua," alisema. "Kwani kule tulikuwa wangapi?"

Nikamwuliza kama alinikasirikia.

"Ulikuwa mtoto, mwanangu. Sikukulaumu." Akachagua kijiwe, akakitupa. "Ila sikukuamini tena."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja kiasi cha chumvi. Nami ndipo nikaelewa kwa nini tangu Guangzhou sijapata kumwona akilia, si kwa talaka, si kwa kifo cha mama yake mzazi. Miaka yote nilidhani ndivyo alivyo, mwanamke mkavu, na nilikuwa nikiwaambia watu hivyo.

Chakula kilipoiva tulikula, tukazungumza habari za karafuu. Huwa nampigia kila Jumapili. Namwuliza hali, ananijibu hajambo, nami sina haki ya kumwuliza mara ya pili.