Chetezo cha Mama Mkwe na Pumzi ya Mume Wangu

Mhariri, jina langu lifiche, maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mkazi wa Mtendeni hapa Tabora, na nina hasira.

Mume wangu ana ugonjwa sugu wa mapafu, zawadi ya miaka mingi ya kupanga tumbaku ghalani. Ukimpanda hulazwa muda mrefu, na mara nyingine hutoka na homa aliyoambukizwa na jirani wa kitanda. Mwaka huu daktari mmoja kaleta utaratibu wa maana: mgonjwa wa kifua akianza kupumua vizuri, anarudi nyumbani mapema na dawa zake, na muuguzi anamfuata kila asubuhi kwa baiskeli. Tulifundishwa dalili za kumrudisha haraka: akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, akisinzia ovyo. Moshi marufuku. Jiko nikalihamishia uani siku ileile.

Alirudi akitania. "Mke wangu, uji wa wodini ni maji yaliyopita karibu na unga." Nikaenda foleni ya sukari dukani kwa ushirika, moyo mweupe.

Narudi, madirisha yamefungwa, chumba kimejaa moshi. Mama mkwe ameketi kando ya kitanda na chetezo, udi unafuka mpaka darini. Kwao mgonjwa akitoka hospitali hufukizwa, harufu ya wodi imtoke.

"Mama, huo ni moshi!"

"Moshi ni wa kuni, mwanangu. Huu ni udi. Baba yake alifukizwa, babu yake alifukizwa. Wewe na magazeti yako!"

Mume wangu alifungua mdomo atuamue. Neno la pili halikutoka. Midomo ilikuwa kama majivu. Tulimrudisha hospitali kwa mkokoteni wa jirani.

Yu hai. Lakini sasa mtaa mzima unapiga kelele kwamba daktari anafukuza wagonjwa wakafie majumbani. Jumapili kuna mkutano wa kudai utaratibu ufutwe, na mjumbe wetu wa nyumba kumi ananiambia, "Shemeji, wewe ndiye shahidi wetu." Shahidi wa uongo! Na mama mkwe anaitikia kwa kichwa. Hospitali nao nina ugomvi nao: waliniuliza jiko, wakaniuliza sigara, udi hawakuuliza, kana kwamba wanatibu watu wasio na mama.

Nimemwambia mume wangu nitasema kweli. Akavuta pumzi kwanza. "Usimwaibishe mama mbele za watu. Hataishi."

"Na wewe je?"

Akageukia ukutani.

Nikinyamaza, utaratibu unakufa, na wagonjwa wa kifua watarudi kulundikana wodini. Nikisema, nimemwita mama wa watu muuaji wa mwanawe. Na daktari anataka kumruhusu tena mume wangu. Chetezo nimekificha kwenye gunia la mpunga. Mama mkwe ameshaazima cha wifi.

Ninyi maelfu mnaosoma ukurasa huu, pole msinipe, ninazo za kutosha. Niambieni tu: Jumapili nisimame, au nikae?