Safu ya Maoni

Siku ya kwanza kazini, Msimamizi wa Mnara wa kuongozea meli bandarini alinikabidhi daftari kubwa la meli na penseli mbili. Nilikuwa nimetoka Mukumu juzi tu, bahari nimeiona jana yake. Akaniambia, "Safu ya mwisho ndiyo yenye akili. Usiichezee."

Ilikuwa safu ya maoni. Rubani wa bandari, yule anayepanda meli ngeni na kuiongoza hadi gatini, akishuka aliandika hapo tabia yake kwa ajili ya safari nyingine: hii inasukumwa na upepo, ile injini yake inachelewa kurudi nyuma. Mzee Hamisi ndiye aliyeandika kuwashinda wote.

Miaka ikapita, ikaletwa programu mpya ya kupanga meli, nami nikapewa kazi ya kuhamisha madaftari yote. Sikatai, ilikuwa nzuri. Programu ya zamani, tuliyoitumia sambamba na madaftari, ilikuwa inazimika ovyo, na hii ilionyesha kila meli kwenye ramani. Ila haikuwa na nafasi ya maoni. Ningedai iongezwe, siku ya uzinduzi ingesogezwa, na mimi nilitaka cheo. Nikatia sahihi kwamba kila kitu kimeingia. Madaftari yakaenda stoo.

Mwaka haujaisha, Mzee Hamisi akawa analeta meli ya ngano. Aliagiza injini irudi nyuma, ikachelewa, meli ikagonga gati. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Nikashuka stoo. Onyo kuhusu meli ile lilikuwepo, la miaka mingi nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe Mzee Hamisi. Nikaunyofoa ukurasa, nikauficha.

Kwenye uchunguzi Mkurugenzi wa bandari aliniuliza kama kuna lolote halikuhamishwa. Nikasema hakuna. Mzee Hamisi akanyang'anywa leseni. Akikusanya vitu vyake aliniambia, "Dada, uzee umeniingia. Meli ile niliwahi kuiongoza, lakini kichwa hakikunikumbusha."

Nikamwambia pole. Woi, pole! Mimi wa kumwambia mtu pole?

Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa nyumbani Mukumu. Nyinyi vijana mnaosomea kompyuta pale mjini Kakamega mnaniuliza programu ile ilikuwaje. Ilikuwa nzuri, nimeshasema. Mbaya nilikuwa mimi.

Kila Krismasi Mzee Hamisi hunipigia simu, yeye Mwislamu, kunitakia heri. Mwaka jana jina langu lilimtoka, akaomba radhi.

"Si nilikuambia, dada? Uzee ulianza siku ile ya meli."

Ukurasa ule wa daftari ulikuwa mezani mbele yangu, ndani ya Biblia. Nikamwambia hata mimi siku hizi nasahausahau.