Diski Ambayo Kompyuta Ilisema Ni Tupu

Theluji bado imeziba nusu ya mlango, na LaVonne Haugen hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha kahawa. Mteja ameshaingia, kompyuta kifuani.

"Hii takataka inanidanganya," anafoka Gordy Sletten, fundi bomba mstaafu. "Inasema diski ni tupu. Tupu vipi? Nilirekodi mwenyewe!"

"Iweke chini, Gordy. Usiipige, haijakukosea kitu."

LaVonne, mwenye miaka sitini na moja, ana chumba nyuma ya duka la kinyozi hapa Duluth, mji wa kaskazini mwa Marekani. Anahamisha video za kamera za zamani ili zifunguke kwenye kompyuta za nyumbani. Amechoka, na hafichi.

"Kila siku ni yale yale," ananiambia nikiandika kwenye daftari. "Picha inakuja bila sauti. Sauti inakuja bila picha. Halafu mimi ndiye ninayefokewa!"

Diski ya Gordy ni ile ndogo iliyokuwa ikiingia ndani ya kamera. Ukimaliza kurekodi, unaiamuru kamera iifunge. Usipoifunga, kompyuta haioni kitu; ukiifunga, huwezi kurekodi tena. Na ni kamera ya aina ile tu inayoweza kuifunga.

"Na watu wa hapa hawafungi," anasema LaVonne. "Ubahili wetu huo! Nusu ya diski iende bure? Thubutu! Wanaibakiza kwa msimu ujao wa kuvua samaki."

Anamgeukia Gordy. "Kamera yenyewe iko wapi?"

"Niliiuza," Gordy anajibu, macho sakafuni. "Niliuza vitu vyote pale kwenye gereji ya nyumbani, kiangazi kile baada ya Bev kufa."

Bev alikuwa mkewe. Jumamosi binti yao, Kirsten, anaolewa, na ameomba zawadi moja tu: asikie sauti ya mama yake. Rekodi nyingine hakuna.

LaVonne anavuta droo. Alikuwa na kamera tatu za aina ile. Mbili zimekufa, na mota ya hii ya mwisho inalia vibaya.

"Ikifia humo ndani, itaikwaruza diski. Umenisikia, mzee? Nibonyeze iifunge?"

"Bonyeza tu, LaVonne."

Kamera inakoroma. Inanyamaza. Inakoroma tena. Gordy anatazama ukuta. Hatimaye LaVonne anaitoa diski na kuitia kwenye kompyuta.

Ziwa linatokea likiwa limepinda, na kidole cha mtu kimeziba kona. Kisha sauti ya mwanamke: "Gordy, acha hiyo kamera uje ule, samaki wanapoa! Gordy! Unanisikia wewe?"

"Nakusikia," Gordy anajibu, mkono mdomoni.

Gordy akishaondoka, LaVonne anairudisha kamera kwenye droo. Alikuwa amepanga kufunga duka mwezi Machi. Sasa anataka kwanza kutangaza kanisani na redioni, kabla kamera haijakata roho: leteni diski zenu, hata zile mnazoambiwa hazina kitu.

"Wanazitupa, jamani," anasema. "Kompyuta inawaambia ni tupu, nao wanamtupa mama yao."